Furu wamo ziwa moja: spishi mamia zimetoka wapi?

Swali: Nafundisha biolojia sekondari, upande wa Sengerema. Kitabu kinasema spishi mpya hutokea pale mlima, mto au bahari inapowatenga viumbe wa aina moja. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi, wakaniuliza: furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wote wamo ndani ya ziwa moja, hakuna mlima wala mto kati yao, iweje wawe mamia ya spishi? Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Na hili naweza kulionyesha vipi darasani bila maabara?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo wanabiolojia wenyewe wamebishania kwa miongo mingi. Kwa kifupi, kutengwa kunakohesabika katika mageuko ni kukatika kwa mtiririko wa jeni, yaani jeni kupita kutoka kundi moja hadi jingine kwa kuzaliana. Mlima unaweza kuukata, bahari vilevile, na kwa kuwa vitu hivyo ni rahisi kuchora, vitabu vinavipenda. Ndani ya Ziwa Victoria kazi hiyo inafanywa na mawe, mchanga, kina cha maji, chakula, na pengine kuliko vyote, mwanga.

Mfano wa kitabu usiutupe, ila utafutie sura ya kwenu. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, kuna ziwa dogo la Nabugabo. Zamani lilikuwa ghuba ya Victoria. Miaka elfu nne hadi tano hivi iliyopita mawimbi yalirundika ukingo wa mchanga mdomoni mwa ghuba, samaki wakabaki ndani. Humphry Greenwood, mtaalamu wa samaki aliyewachambua furu wa huko katika miaka ya 1960, alikuta spishi tano ambazo hazipo Victoria. Kila moja ina ndugu yake wa karibu upande wa pili wa mchanga, na tofauti inayoonekana haraka zaidi ni rangi ya dume wakati wa kuzaliana. Rangi hiyo ikumbuke, tutaihitaji.

Sasa, mchanga ule ulifanya nini hasa? Wenyewe haukubadilisha samaki hata mmoja. Ulizuia wasichanganyike, basi. Mabadiliko yaliletwa na mambo mawili yaliyoendelea pande zote mbili bila kuwasiliana. La kwanza ni bahati: katika kundi dogo, matoleo fulani ya jeni hupotea na mengine huenea kwa sababu tu waliobahatika kuzaa walikuwa nayo. La pili ni uteuzi asilia, nao unahitaji masharti matatu yote kwa pamoja: viumbe wa kundi watofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na wenye tofauti fulani waache watoto wengi zaidi kuliko wenzao. Sharti moja likikosekana, hakuna uteuzi. Samaki aliyenenepa kwa kula vizuri hawarithishi watoto wake unene huo, hata angekula namna gani.

Wanafunzi huona faida ndogo haiwezi kufanya kitu, kwa hiyo wape hesabu. Chukua toleo la jeni ambalo wenye nalo huacha watoto 105 pale ambapo wasio nalo huacha 100. Likianza likiwa asilimia 1 tu ya kundi, litafika asilimia 99 baada ya vizazi 190 hivi. Kwa furu anayeanza kuzaa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, hiyo ni chini ya karne mbili.

Kisha waongezee wageni kutoka kundi jirani, ambao hawana toleo hilo. Kila kizazi kikipokea wageni 10 katika kila samaki 100, faida ile ya asilimia 5 inazidiwa na toleo letu linafifia hadi kutoweka. Wageni wakiwa mmoja tu katika 100, toleo linabaki kwa walio wengi, ingawa halitawafikia wote. Linganisha asilimia ya wageni na asilimia ya faida. Iliyo kubwa ndiyo inayoamua. Hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Ukuta kamili hauhitajiki. Uteuzi ukiwa mkali na wanaovuka wakiwa wachache, makundi mawili yanaweza kuachana hata yakiwa yanaonana kila siku.

Kuachana kimaumbile bado si kuwa spishi mbili. Mpaka wapi sasa? Kipimo kilichozoeleka, alichokieneza mwanabiolojia Ernst Mayr tangu 1942, ni kwamba makundi mawili ni spishi mbili pale ambapo katika maisha yao ya kawaida hayazaliani, au yakizaliana watoto hawaendelei. Kufika huko kuna njia mbili, na zote zinafaa kufundishwa.

Njia ya kwanza ni migongano ndani ya mwili wa mahuluti, yaani mtoto wa wazazi wa makundi mawili tofauti. Wanajenetikia Theodosius Dobzhansky na Hermann Muller waliieleza hivi: kundi mama lina jeni za aina a na b. Likigawanyika, upande mmoja a hubadilika kuwa A, upande wa pili b hubadilika kuwa B. A imeishi na b vizuri, B imeishi na a vizuri, lakini A na B hazijawahi kukaa katika mwili mmoja. Siku makundi yakikutana, hakuna aliyezijaribu pamoja, na zikigombana mtoto anakufa mapema au anakuwa tasa. Hakuna hatua yoyote ambapo mzazi alilazimika kuwa dhaifu ili spishi mpya itokee. Jinsi hilo linavyowezekana ndilo fumbo lililowasumbua watu kabla ya maelezo haya.

Njia ya pili ni kutochaguana. Mwaka 1989 Diane Dodd alitoa matokeo ya jaribio rahisi mno: nzi wadogo wa matunda, jamii ya Drosophila, waliogawanywa katika makundi, mengine yakalelewa kwenye chakula cha wanga na mengine kwenye chakula cha maltosi, aina ya sukari. Hakuna aliyewachagua kwa tabia ya kupandana. Alipowaweka pamoja baadaye, nzi wa wanga waliwapendelea wa wanga na wa maltosi waliwapendelea wa maltosi. Uteuzi ulifanya kazi kwenye chakula, mwelekeo wa kupandana ukafuata nyuma.

Turudi kwa furu, maana kwao njia hii ya pili ndiyo inayotawala. Jike la furu hulea mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, akitoa makinda yanayoweza kuogelea. Samaki wengi wa baharini huachia mayai yaelee na mkondo, yakasambaa mbali. Kizazi cha furu hubaki pale mama alipo. Ongeza kwamba furu wa mawe hawapendi kuvuka eneo wazi la mchanga wasikokuwa na pa kujificha. Ghuba ndogo ya mchanga kati ya miamba miwili, ambayo mvuvi huivuka kwa makasia machache, kwao ni kizuizi cha kweli. Katika Ziwa Tanganyika samaki wa jenasi (kundi la spishi za karibu) Tropheus wanaonyesha hilo waziwazi: ukifuata pwani ya mawe rangi zao zinabadilika sehemu hadi sehemu, na rangi zinazojulikana zinapita mia.

Chakula nacho kinatenga. Furu wana taya la pili ndani ya koo, linalosaga chakula, kwa hiyo taya za mbele zimekuwa huru kubadilika kwa kazi ya kukamata tu. Mwenye meno mafupi yaliyopangika kama tupa huparura mwani kwenye mawe. Mwenye taya nene la koo huponda konokono. Wapo wanaochuja vijidudu vinavyoelea majini, wapo wanaokula samaki wenzao, na wapo wanaonyonya mayai na makinda kutoka midomoni mwa majike ya spishi nyingine. Mahuluti wa mparura mwani na mponda konokono hafanyi kazi yoyote kati ya hizo mbili vizuri, naye hushindwa na pande zote.

Mwanga ndio uliofanyiwa utafiti wa kina zaidi, na umefanyika hapohapo kwenu, Ghuba ya Mwanza na maji ya jirani. Kuna spishi mbili za jenasi Pundamilia. Dume la Pundamilia pundamilia ni la buluu na kijivu. Dume la Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Majike yao yanafanana, yamepauka. Kwenye kisiwa cha Makobe maji ni maangavu kiasi, na wa buluu wanakaa karibu na uso wa maji wakati wekundu wanakaa chini zaidi, kuanzia mita nne hivi na kuendelea.

Sababu iko kwenye maji yenyewe. Maji ya Victoria yana chembe zinazomeza mwanga wa buluu haraka, hivyo kadiri unavyoshuka mwanga unaobaki unakuwa wa njano na mwekundu. Mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2008: jeni moja ya jicho, inayotengeneza kipokeo cha mwanga wa mawimbi marefu, ina matoleo mawili makuu. Kipokeo cha moja kinanasa zaidi mwanga wa nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 544 hivi, cha jingine nanomita 559, yaani limesogea kuelekea wekundu. Makobe, samaki wa juu karibu wote wana toleo la kwanza na wa chini karibu wote wana la pili. Jike lenye jicho la wekundu humwona vizuri dume jekundu kwenye giza la chini, humchagua, na huzaa watoto wenye jicho hilo na rangi hiyo. Uteuzi asilia unachonga jicho kufuata kina, jicho linachonga uchaguzi wa dume, na uchaguzi wa dume unakata mtiririko wa jeni. Kazi tatu kwa mnyororo mmoja.

Wanafunzi watauliza: wakiwekwa tangi moja, je, wanazaana? Ndiyo, na watoto wao wanazaa. Katika majaribio ya maabara, chini ya mwanga wa kawaida majike yalichagua madume ya spishi yao. Ilipowashwa taa ya rangi moja iliyofuta tofauti kati ya bluu na nyekundu, yakaacha kubagua. Kuna watakaosema basi hao ni spishi moja. Sikubaliani nao. Kipimo ni kile wanachofanya majini kwao, na pale Makobe hawachanganyiki isipokuwa kwa nadra sana. Lakini ni haki kabisa kusema kwamba mpaka wao unategemea mazingira, na mazingira yakibadilika mpaka unaweza kuanguka.

Umeanguka tayari. Kusini zaidi mwa ghuba, karibu na kisiwa cha Luanso, maji ni machafu kiasi kwamba sahani nyeupe ikishushwa inapotea machoni kwa nusu mita hivi, wakati Makobe inaonekana kupita mita mbili. Luanso mwanga unageuka kutoka weupe hadi wekundu ndani ya kina kifupi mno, samaki anavuka juu na chini kwa urahisi, na matokeo yake hakuna spishi mbili: kuna kundi moja lenye rangi mchanganyiko, mengi yakiwa ya katikati. Mbolea na udongo kutoka mashambani, pamoja na maji taka ya miji, vinalisha mwani, mwani unaziba mwanga, na spishi zinayeyuka bila hata samaki mmoja kuvuliwa. Seehausen na wenzake walitoa onyo hilo mwaka 1997. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 na kulipuka miaka ya 1980, ndiye anayelaumiwa kila mahali kwa kutoweka kwa takriban spishi 200 za furu, na lawama hiyo ni ya kweli. Ila uchafu wa maji unastahili kutajwa kando yake kila mara, kwa sababu huua spishi kwa kuziunganisha, na jambo hilo watu hawalioni.

Kuna swali ambalo hamkuuliza lakini mwanafunzi mkali atauliza: muda ulitosha? Sampuli za matope zilizochimbwa chini ya Ziwa Victoria zinaonyesha kwamba lilikauka na likajaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Spishi 500 na zaidi ndani ya muda huo ni kasi ya ajabu, na mabadiliko mapya ya jeni pekee yasingetosha. Uchambuzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2017 ulitoa ufumbuzi: furu wa eneo hili wanatokana na mchanganyiko wa zamani, kama miaka 150,000 iliyopita, wa koo mbili za samaki, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile ya juu. Yale matoleo mawili ya jeni ya jicho yalitoka kila moja kwenye ukoo wake. Ziwa lilipojaa, malighafi ilikuwepo tayari. Uteuzi ulikuwa na kazi ya kuipanga tu.

Mkitaka kuona spishi zikiwa bado njiani, tajeni Ziwa Masoko karibu na Tukuyu, ziwa la kreta, yaani lililo ndani ya shimo la volkano, lenye upana wa mita 700 hivi. Samaki wa spishi moja, Astatotilapia calliptera, wamegawanyika humo: wa njano kando kando, wa buluu kilindini. Utafiti wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba walianza kuachana ndani ya miaka 1,000 iliyopita, na sehemu za DNA zilizotofautiana sana ni chache, zikiwemo zinazohusu kuona katika mwanga hafifu. Hakuna ukuta ndani ya kreta ile.

Darasani fanyeni hivi. Tafuta makopo mawili na maharage ya rangi mbili, mekundu na meupe, yenye ukubwa sawa. Yakitofautiana vidole vitayatambua na jaribio litaharibika. Weka katika kila kopo mekundu 10 na meupe 10, na kando mfuko wa akiba. Mwanafunzi afumbe macho, achomoe harage moja, mwenzake aandike rangi yake na kuweka la rangi hiyohiyo kutoka akiba kwenye sahani, kisha lililochomolewa lirudishwe koponi. Mkirudia hadi sahani ina 20, hicho ni kizazi kipya: mwageni ya zamani akibani, wekeni mapya. Kosa la kawaida ni kusahau kurudisha harage. Mkichomoa yote 20 bila kurudisha, hesabu haitabadilika kamwe na watoto watadhani bahati haina nguvu.

Hatua ya kwanza, fanyeni bila upendeleo wowote, muone bahati inavyoyapeleka makopo mawili pande tofauti. Hatua ya pili ni uteuzi. Katika kopo la A, kila harage jeupe linapochomolewa rusheni sarafu. Ikianguka upande mliokubaliana kuwa wa kifo, harage halihesabiwi, rudisheni na mchomoe tena. Katika kopo la B fanyeni hivyo kwa mekundu. Mara nyingi kufikia kizazi cha tano au cha sita A imekuwa nyekundu tupu na B nyeupe tupu, au karibu sana.

Hatua ya tatu ndiyo inayojibu swali lenu. Anzeni upya, na kabla ya kila kizazi badilishaneni harage moja moja, bila kuangalia, kati ya A na B. Makopo bado yataachana, ila jeupe moja au mawili yataendelea kujitokeza katika A. Kisha rudieni mkibadilishana kumi kumi: kila baada ya mabadilishano makopo yanarudi karibu sawa, ingawa sarafu ni ileile. Waache waandike wenyewe kilichobadilika kati ya mara hizo mbili.

Mkiweza kufika ziwani, tengenezeni sahani ya kupimia uangavu wa maji: duara la bati la upana wa sentimita 20, lililogawanywa robo nne na kupakwa nyeupe na nyeusi kwa kupishana, jiwe chini yake na kamba yenye alama kila sentimita 10. Ishusheni upande wa kivuli wa mtumbwi, karibu na adhuhuri, andikeni kina inapopotea na kina inapoonekana tena ikipandishwa, mchukue wastani. Watoto wavae majaketi ya kujiokolea, na mtumbwi usikaribie mwalo, pale mitumbwi inapopakua samaki, kwa kuwa matope yanayotibuliwa na boti yatawapa kipimo cha uongo.

Mwaloni kwenyewe ombeni furu wachache waliokwisha kufa. Angalieni rangi ya dume mapema, maana hufifia haraka baada ya kifo, na madoa ya njano yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini la nyuma. Kisha fungueni mdomo mlinganishe meno, na mkate koo mtoe taya la ndani. Msijaribu kuwapa majina ya spishi. Hilo linawashinda hata wataalamu wakiwa na samaki mkononi. Wapangeni kwa meno na kwa rangi tu.

Katika kusahihisha, sentensi itakayojirudia zaidi ni "samaki alibadilika ili aweze kuona chini." Samaki yule hakubadilika, alizaliwa na jicho lile, akafa nalo. Mwambie mwanafunzi aiandike upya sentensi yake akianza na neno "kundi", na aseme nani walizaa zaidi, na kwa nini.